Tupeni njia ya kumzawadia mtu ngoma: barua ya wazi kwa wasimamizi wa utamaduni Lamu

Kwa Mheshimiwa Gavana wa Kaunti ya Lamu, Waziri wa Kaunti mwenye dhamana ya utamaduni, wasimamizi wa Makumbusho ya Taifa hapa Lamu, na kamati zote zinazoandaa matamasha yetu.

Assalaam aleikum, na salamu za heri kwenu nyote.

Nawaandikia juu ya jambo moja. Nataka mtu aliye mbali aweze kununua onyesho la ngoma au taarab linalorushwa mtandaoni, amzawadie mtu mwingine, na zawadi hiyo ifike. Kununua tayari kunawezekana kwa baadhi ya maonyesho. Kufika ndiko kunakotushinda.

Mamangu anakaa mtaa wa Langoni hapa Lamu, juu ghorofani, katika nyumba ya mawe ya zamani ambayo ngazi zake ni nyembamba na ndefu. Magoti yake yalizikataa ngazi hizo miaka mitatu iliyopita. Tangu hapo uwanja wa Mkunguni anausikia tu, hauoni. Ngoma ikipigwa mbele ya Ngome kongwe ya Lamu sauti inapanda hadi dirishani kwake, naye husema, "Huyo ni fulani," kwa kumtambua mpiga tari kwa mkono wake. Ndugu yangu anafanya kazi Doha. Mwaka jana aliona tangazo la usiku wa taarab uliokuwa utarushwa mubashara kutoka mji mwingine wa pwani, na miongoni mwa waimbaji alikuwamo bibi mmoja ambaye mamangu alipiga naye vugo, ngoma ya wanawake ya arusini, walipokuwa wasichana. Hawakuonana miaka mingi. Ndugu yangu akaona hiyo ndiyo zawadi.

Akalipa kwa kadi, akaandika namba ya mamangu kwenye nafasi ya mpokeaji. Ujumbe ukaja kwa Kiswahili, kile cha kufasiriwa na mashine: onyesho litaanza "saa 9:00 usiku". Ninyi ni Waswahili, mmeshaelewa kilichotokea. Mamangu alisoma saa tisa usiku. Aliona ni saa ya ajabu kwa taarab, lakini akasema pengine wamewafikiria watu wa nchi za mbali. Akasali isha, akalala mapema. Saa nane na nusu akaamka, akatawadha, akasali rakaa zake, akajifunga leso mpya, akatia udi chetezoni kana kwamba anatarajia wageni. Nikaisimamisha simu juu ya mto mbele yake. Onyesho lilikuwa limeanza saa tatu za usiku na kumalizika kabla ya saa sita.

Kulikuwa na rekodi ya kutazama ndani ya saa 24. Tulipobonyeza, ukurasa ukatuambia linki hiyo imeshafunguliwa kwenye simu nyingine. Ndugu yangu alikuwa ameifungua kule Doha kuhakikisha inafanya kazi kabla mamake hajaipata. Asubuhi nikapiga namba ya msaada. Kijana aliyepokea alikuwa na adabu, lakini akasema wanaruhusiwa kuzungumza na mnunuzi peke yake. Mnunuzi alikuwa kazini, simu yake iko kabatini mpaka magharibi. Alipotoka akapiga, ofisi imefungwa. Saa tatu za usiku ukurasa ukajifunga wenyewe.

Mamangu hakulalamika. Alimwambia mwanawe kwenye simu kwamba ameona kila kitu, na kwamba yule bibi bado ana sauti yake. Nilikuwa nimeketi karibu naye aliposema hivyo, na ndiyo sababu nawaandikia.

Waandaaji wale siwataji, wala siamini walikuwa na nia mbaya. Mtambo wao ulitengenezwa kwa mtu anayejinunulia mwenyewe. Zawadi wakaipachika baadaye, kama mlango uliotobolewa kwenye ukuta usiokuwa na nafasi ya mlango. Kwa sababu Lamu bado hatujajenga mtambo wetu, tunayo nafasi ya kuanza na mlango.

Na jambo hili si geni kwetu. Katika taarab, beti likimgusa mtu anainuka, anakwenda mbele kwa madaha, anamtuza mwimbaji mbele ya kadamnasi. Mara ngapi tumeona mtu akituza kwa niaba ya dada yake asiyekuwapo, na jina la dada likatajwa? Wimbo unaombwa kwa ajili ya mtu, unalipiwa kwa ajili ya mtu, na aliyelengwa anajua amelengwa. Hiyo ni zawadi ya onyesho, na walioibuni ni wazee wetu.

Halafu zikaja kaseti. Zein l'Abdin, mzaliwa wa Lamu na bingwa wa kupiga udi, ile ala ya nyuzi ya taarab, aliyefariki mwaka 2016, alisikika katika nyumba ambazo hakuwahi kukanyaga, kwa sababu kuna mtu alinunua kaseti Mombasa akaifunga katika kanga na kumpa msafiri. Nyumbani kwetu zilikuwamo ambazo mwanzo wake ulirekodiwa juu yake sauti ya aliyeituma: salamu, majina ya watoto, kisha udi unaingia. Kaseti haikuuliza mnunuzi ni nani. Ilikubali kuwa mali ya yule aliyekuwa nayo mkononi, na ukitaka kuisikiliza baada ya miaka miwili, iliimba.

Nchi nyingine wamelifikiria hili kwa muda sasa. Okestra ya Berliner Philharmoniker ilianzisha ukumbi wake wa mtandaoni mwaka 2008, na mtu anaweza kununua vocha ya ukumbi huo akampa rafiki yake, ambaye ataitumia kwa wakati wake. Corona ilipofunga kumbi mwaka 2020, Metropolitan Opera ya New York ilianza mwezi wa Machi kurusha opera kila usiku, na mwezi wa Desemba mwaka huohuo National Theatre ya London ikafungua huduma yake ya kutazama tamthilia nyumbani. Wao wana pesa tusizokuwa nazo. Lakini wazo la vocha halihitaji pesa nyingi, na sisi tuna kitu ambacho wao hawana: nchi nzima ambayo imekwisha kuzoea kulipa na kupokea kwa simu.

Basi naomba yafuatayo, na naomba yasomwe na mtu atakayeketi na fundi wa programu.

Mnunuzi na mpokeaji wawe watu wawili tangu hatua ya kwanza. Anayelipa apate risiti yake, anayepewa apate namba ya siri yake, na namba hiyo isifunguke mpaka mpokeaji mwenyewe aifungue. Mtoaji akitaka kuhakikisha kwamba inafanya kazi, awekewe kipande cha majaribio cha dakika moja. Muda wa kutazama uanze mpokeaji anapobonyeza, uwe siku saba au zaidi, maana mvuvi wa kijiji cha Kizingitini anaweza kuwa baharini siku tatu. Msilazimishe barua pepe. Mamangu hana, na sioni kwa nini awe nayo ili asikilize taarab. Ujumbe mfupi unatosha. Mtoaji aweze kuandika maneno yake au, bora zaidi, kurekodi sauti yake itangulie onyesho, kama zile kaseti. Na wakati uandikwe kwa saa zetu, na mtu anayejua Kiswahili: saa tatu usiku, baada ya isha. Mashine isiachiwe kazi hiyo.

Jambo la bando linataka maneno zaidi, kwa sababu ndipo zawadi nyingi zinapofia. Netflix wenyewe wanaeleza kwamba kutazama kwa kiwango cha chini kunakula takriban gigabaiti 0.3 kwa saa, na kiwango cha juu cha HD kinaweza kufika gigabaiti 3. Usiku wa taarab ni saa tatu. Ukimpa mama mzee onyesho la saa tatu kwa HD bila bando, umempa deni. Onyesho lianze kwa kiwango cha chini mpaka mtazamaji aombe zaidi, na sauti ipewe kipaumbele juu ya picha: mpenzi wa taarab atavumilia sura yenye ukungu lakini hatavumilia udi unaokatikakatika. Kuwe pia na chaguo la sauti peke yake. Na mtoaji anapolipa, aulizwe kama angependa kumnunulia mpokeaji bando pamoja. Kununuliana bando ni jambo tunalolifanya kila siku. Liingizwe ndani ya bei, mtoaji alione, amalize.

Sasa nije kwenye ombi langu kubwa, ambalo halihusu mtambo.

M-Pesa ilipoanza Machi 2007, wazee wetu hawakujifunza kwa kusoma maelezo. Walijifunza kwa wakala. Walikwenda dukani kwa mtu wanayemjua mama yake, wakampa simu, akawaonyesha mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu wakaweza. Tamasha la mtandaoni linahitaji wakala wa namna hiyo. Nikisema msaada kwa watoaji, sisemi ukurasa wa maswali na majibu. Nasema mtu. Awe na meza kwenye Ngome, pale mlangoni ambapo kila mtu anapita, na namba moja ya simu inayopokelewa mpaka saa sita usiku siku za maonyesho. Ndugu yangu akipiga kutoka Doha aseme, "Nataka kumpa mamangu usiku wa Ijumaa," wakala aulize: mama ana simu ya aina gani? Anaona vizuri? Kuna kijana nyumbani? Anakaa mtaa gani? Kisha saa moja kabla ya onyesho ampigie mama, au amtume kijana apande ghorofani kumwekea. Katika mji ambao mizigo bado inafikishwa mlangoni kwa punda kupitia vichochoro, kufikisha wimbo mlangoni hakuwezi kutushinda.

Wakala huyohuyo awe na ruhusa ya kuzungumza na mpokeaji. Ile sheria ya kwamba mnunuzi peke yake ndiye mwenye haki ya kusaidiwa inafaa kwa tikiti, haifai kwa zawadi. Zawadi ikishatolewa ina mwenyewe mpya. Hata hivyo namba za wapokeaji zilindwe. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu mwaka 2019. Namba ya mamangu iliyotolewa ili apate taarab isije ikatumika kumtumia matangazo ya mikopo.

Kuna wafadhili wengine pia, wale wanaotaka kutoa kwa wengi. Mfanyabiashara wa Mombasa mwenye asili ya Faza angependa kijiji kizima kitazame. Yeye asiuziwe vocha mia mbili. Auziwe zawadi moja ya baraza: ruhusa ya kulionyesha onyesho kwenye ukuta wa skuli au uwanjani, kwa mashine ya kuonyeshea picha, usiku mmoja, kwa bei iliyo wazi. Siyu, Pate, Matondoni, Kiunga, huko kote watu hukaa pamoja kutazama mpira. Onyesho letu nalo litazamwe hivyo. Wodi ya hospitali pia ni baraza.

Hapa lazima niseme yasiyouzwa, maana nimewasikia vijana wakisema kila kitu kirushwe.

Maulidi ya Lamu yanayosomwa katika Mfungo Sita (Rabiul Awwal), pale Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh, si onyesho. Kama wenyewe wa Riyadha wataridhia yarushwe, hilo ni lao na ni la bure, na asitokee mtu kulitia vocha. Kirumbizi na goma, ngoma za wanaume zinazochezwa nje siku hizo, ni jambo jingine, lakini hata hizo waulizwe wenyewe.

Vugo ni la pili. Mimi nimelipiga. Tunapogonga zile pembe na kuimba arusini, tuko sisi kwa sisi, bila buibui, na maneno mengine tunayomwambia biarusi hayakutungwa yasikiwe na wanaume. Simu moja iliyofichwa inaweza kuharibu nyumba tatu. Naijua nyumba moja iliyoharibika hivyo. Kwa hiyo kamati ikitaka vugo lirushwe, wanawake wenyewe waandae usiku wa vugo wa hadhara, wachague nyimbo, wachague mavazi, waone picha kabla haijatoka, na waweze kusema hapana hata dakika ya mwisho. Inawezekana pia kuwe na zawadi ya wanawake kwa wanawake, itakayofunguliwa na aliyekusudiwa tu, ingawa mimi binafsi sina imani kwamba kuna kufuli la mtandao lisilovunjika, na ningewashauri kina dada wasubiri. Nchi yetu ina sheria ya mwaka 2016 inayolinda maarifa ya jadi na maonyesho ya kitamaduni, inayozipa jamii sauti juu ya mali yao ya asili. Itumike kabla ya kamera kufika.

Kuhusu pesa za wasanii nitakuwa mfupi kwa sababu haki hapa haina utata. Anayetuza ukumbini anaona noti ikiingia mkononi mwa mwimbaji. Anayelipa mtandaoni naye aone, palepale anapolipa, shilingi ngapi zinakwenda kwa kikundi, ngapi kwa warushaji, ngapi kwa kaunti. Fungu la kikundi lifike kwenye simu ya kikundi ndani ya wiki. Na pawe na kitufe cha kutuza wakati onyesho linaendelea, ambacho mpokeaji wa zawadi naye ataweza kukibonyeza. Mamangu angemtuza yule bibi. Alikuwa na shilingi mia mbili amezikunja kwenye pindo la leso usiku ule, ingawa hakukuwa na mahali pa kuziweka.

Mtauliza kwa nini kaunti iingie katika jambo la biashara. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa serikali za kaunti shughuli za utamaduni na burudani za umma. Mji wetu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2001, na tunapolizungumza jambo hilo tunazungumza sana juu ya mawe, milango ya nakshi na vidaka. Waliokaa ndani ya mawe hayo wengi wametawanyika. Wako Mombasa na Nairobi, wako Maskati, Jeddah, Dubai, Toronto. Wanatuma pesa za karo, za dawa, za kuezeka. Wengi wao wangetuma pia kitu cha kumfurahisha mtu, na hakuna mahali pa kukinunulia. Majirani zetu wa Malindi wana vikundi vya kayamba vinavyopigia wageni hotelini. Mgeni anarudi kwao, angependa kumpa rafiki yake usiku kama ule, na hana njia. Kama Lamu itatengeneza njia hii vizuri, Malindi watakuja kuiomba, nasi tuwape.

Siombi ukumbi wa mtandao wa mamilioni. Naomba mwanzo mdogo kwenye tamasha la utamaduni lijalo, ambalo kwa desturi yetu huwa Novemba. Chagueni usiku mmoja wa taarab kwenye ua wa Ngome, ile iliyokamilika kujengwa mwaka 1821 na ambayo kuta zake zinaishika sauti vizuri kuliko ukumbi wowote mpya. Kamera mbili, fundi mmoja wa sauti aliyezoea udi na ganuni, jenereta ya akiba umeme ukikatika. Vocha mia moja tu, ili kila moja ifuatiliwe mpaka ifike. Baada ya onyesho wapigiwe simu wapokeaji wote mia moja, waulizwe: uliona? Ulisikia? Ilikwama wapi? Majibu hayo yaandikwe na yasomwe hadharani, hata yale ya aibu.

Mimi nimefundisha skuli ya msingi miaka kumi na tisa na nina subira na watu wanaoogopa simu. Najitolea kukaa kwenye ile meza ya wakala, jioni zote za tamasha, bila malipo. Nitakuja na kijana wa mtaani kwetu anayejua mambo ya mitandao kuniliko. Tunahitaji kivuli, kiti cha pili kwa ajili ya wazee watakaokuja, na namba ya simu ambayo haitabadilika. Ndugu yangu ameshasema vocha ya kwanza ni yake, na safari hii hataifungua kuijaribu. Yule bibi rafiki yake mamangu nimempata. Anasema akialikwa Lamu atakuja, mradi aambiwe mapema apate nafasi kwenye basi la Mombasa.

Nasubiri jibu lenu.

Mwalimu na mwana wa Langoni,
Lamu